Kashata zilizogoma kuganda

Jana saa nne usiku nilikuwa nimeliinamia sinia, nabonyeza kwa kidole kitu nilichokuwa nakiita kashata. Kidole kikazama. Nilipokivuta kikatoka na uzi mrefu wa shira. Na hapo ilikuwa inapoa tangu magharibi.

Nazi mbili nimezikuna mwenyewe, sukari nusu kilo, iliki ya kutwanga. Zote kwa ajili ya kikao cha ukoo cha leo, na nilishajigamba mbele ya mawifi kwamba kashata za kununua asilete mtu.

Nikaliingiza sinia kwenye friji. Asubuhi ngumu kama kigae, nikakata kwa furaha. Hazikupita dakika kumi mezani, na masika haya ya Dar ambayo hata chumvi inalowa ndani ya kopo, vipande vikatoka jasho na kurudi kuwa donge moja. Kumbe friji inagandisha tu, haiivishi.

Nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti ya msibani?"

Nilipomaliza kueleza akauliza mawili tu: shira niliijaribu kwenye maji? Nilitia ndimu? La kwanza hapana, la pili ndiyo. Akanyamaza kidogo. "Ndimu ni ya shira ya kaimati, mwanangu."

Basi ndiyo hiyo. Kwenye kaimati unataka shira ibaki laini, na ndimu inaizuia sukari isirudi kuwa chenga. Kashata ya nazi inasimama kwa chenga hizohizo. Halafu nazi mbichi karibu nusu yake ni maji, na maji hayo lazima yatoke sufuriani. Mimi nilipoona povu la kwanza tu niliepua, kwa sababu mara iliyopita niliziunguza. (Sufuria ile mpaka leo iko nje, wananywea maji kuku.)

Nikarudisha donge zima jikoni. Maji nusu kikombe ili sukari iyeyuke sawasawa, sukari kikombe kimoja kuizidi nguvu ndimu, moto mdogo, mwiko mkononi. Pembeni bilauri ya maji baridi. Tone la kwanza likatawanyika kama moshi. La pili likatua chini, likalala bapa. Mkono ulishaanza kuuma. La tatu nikalikusanya kwa vidole, likawa kigololi laini. Wenye kipimajoto wangesoma kama nyuzi 115. Nikaepua, na hapa ndipo kazi ilipokuwa: kusonga nje ya moto hadi ule mng'ao upotee, mwiko uwe mzito na kingo za sufuria zianze kufanya weupe. Haraka kwenye sinia lililopakwa mafuta, nikasawazisha kwa kitako cha kikombe, nikakata zikiwa bado vuguvugu.

Zimeshika. Ila rangi ni ya chai ya maziwa badala ya weupe wa nazi, na utamu umezidi kidogo kwa ulimi wangu.

Kikaoni shangazi alishushia tatu kwa kahawa chungu, akauliza hii rangi nzuri nimeipataje. Nikamwambia ni mapishi mapya. Mama mkwe, aliyekaa mkabala nami, akainamia kikombe chake kwa muda mrefu sana.