Kipengele nilichosita kukiingiza kwenye kiini

Wiki iliyopita mwenzangu kazini aliniletea pendekezo ambalo mwanzoni sikuona sababu ya kulikataa: tuongeze kwenye kiini cha fremuweki yetu, yaani msimbo wa msingi tunaojengea programu, kipengele cha kuhakiki namba za simu za Tanzania, kwa kuwa karibu kila mradi unakihitaji na kila mmoja wetu amekuwa akiandika upya msimbo uleule.

Nilichukua siku mbili kutafakari. Kilichonisaidia ni historia ya Django, fremuweki ya kujengea tovuti, ambayo kwa miaka mingi ilisambazwa pamoja na localflavor, yaani fomu za kuhakiki misimbo ya posta na namba za vitambulisho za nchi mbalimbali, hadi sehemu hiyo ilipoondolewa katika toleo la 1.6 la mwaka 2013 na kuwa kifurushi cha msimbo kinachojitegemea. Kanuni za nchi hubadilika kwa wakati wake, na si haki kumlazimisha mtu apandishe toleo la fremuweki nzima, pamoja na hatari zake zote, kwa sababu tu mtandao fulani wa simu umepewa namba mpya za mwanzo.

Hata hivyo, kupunguza nako kuna mpaka. Express, fremuweki nyingine ya tovuti, iliondoa kwenye kiini chake kisomaji cha JSON (muundo wa kuandika data zinazopitishwa kati ya programu) mwaka 2014, kisha ikakirudisha katika toleo la 4.16 mwaka 2017, na naona ilifanya vyema, maana muundo wa JSON haubadiliki.

Tumekubaliana kuandaa kifurushi cha pembeni, na mwenzangu ndiye atakayekitunza.