Mto Mwekundu wa Sibu

Basi kutoka Kuching, makao makuu ya jimbo la Sarawak nchini Malaysia, lilinishusha mji wa Sibu jioni, mgongo umekufa ganzi. Nililala bila kula, kwa hiyo kesho yake nilianza na sokoni. Mzee mmoja alikuwa akibandika madonge ya unga kwenye kuta za tanuri, nikajikuta nacheka peke yangu: si mofa hii! Wao huiita kompia. Niliomba zisizo na nyama ya nguruwe, nikafungiwa tano za moto zenye ufuta. Mkate huo ulikuja na wakulima wa Fuzhou, kusini mwa China, na nyayo zao ndizo nilizokuwa nikizifuata.

Dereva wa teksi alinisalimu "apa khabar". Habari ile ile yetu. Nikamjibu "khabar baik", Kimalay changu kikaishia hapo. Alinipeleka Sungai Merah, yaani Mto Mwekundu, ingawa maji niliyoyaona yalifanana zaidi na chai ya rangi iliyokolea.

Hapa ndipo walipoanzia. Enzi hizo Sarawak ilikuwa chini ya Waingereza wa ukoo mmoja, kina Brooke, waliotawala tangu 1841 kama wenye shamba lao. Rajah, yaani mtawala, Charles Brooke alitaka mchele. Julai 1900 aliwekeana mkataba na Wong Nai Siong, msomi na Mkristo wa Kimethodisti: Wong alete wakulima, Rajah atoe ardhi na mkopo. Ardhi ya nani? Wenyeji, Wamelanau na Waiban, walikuwa wakiishi kando ya mito ya huko kabla ya wakulima hao kufika, na sioni kama kuna aliyewauliza.

Tarehe 16 Machi 1901 lilifika kundi la watu zaidi ya 500, Wong mwenyewe akiwamo. Kufikia 1902 walikuwa kama 1,100. Walikuta msitu, maji, mbu na homa. Mpunga ukawagomea, deni likabaki pale pale. Mwaka 1904 Wong akaondoka, ameelemewa na deni hilo.

Leo ana bustani ya kumbukumbu, barabara na shule kwa jina lake. Nilikaa kwenye kivuli cha bustani hiyo nikiwaza jinsi mtu anavyoweza kuondoka mdeni na kurudi sanamu.

Aliyewaokoa ni mti. James Hoover, mmisionari Mmarekani aliyebaki na wakulima hao, aliwahimiza wapande miti ya mpira. Bei ilipopanda kufikia 1910, watu waliokuja kulima mpunga wakawa wanaamka gizani kugema, kama wagema wetu wa mnazi, ila utomvu wao haunyweki.

Kwenye benchi alikuwepo mzee wa Kifuzhou anayejua Kiingereza. Nilimwita "ankel", ndivyo wazee wanavyoitwa huko. Akaniambia babu yake alipanda mpira kwa shingo upande.

"Alisema mti huu hauliwi. Mwaka wa vita, Wajapani walipoingia na meli za kununua mpira hazikuja tena, akapita nyumba hadi nyumba kuwakumbusha."

Nikamkaribisha kompia. Akaibonyeza kwa kidole, akanirudishia.

"Imepoa hii, mwanangu. Twende tukanunue nyingine."