Mbaazi za Mama na tumbo la Biskuti

Usiku ule stima ilikuwa imepotea Muyeye nzima, mtaani kwetu Malindi. Tulikuwa tumekaa barazani na mjomba aliyekuja kututembelea kutoka Kaloleni, ndipo harufu ikapita. Haikuwa harufu ya kusingizia choo cha jirani. Mjomba akakohoa, akageuza uso. Mimi nikamkazia macho mdogo wangu gizani, na nahisi yeye pia alikuwa amenikazia mimi. Ya pili ilikuja na sauti, chini ya kiti cha mjomba, na aliyelala chini ya kiti cha mjomba ni Biskuti.

Jina lake la kuzaliwa ni Biscotto. Mtaliano niliyekuwa nikimtunzia bustani alipofunga nyumba akarudi kwao, aliniachia mbwa, minyororo miwili na kibati cha kuokea keki, kile chenye shimo katikati. Mama akasema jina hilo halitamkiki, basi akawa Biskuti. Ni jibwa la kifua kirefu kilichoshuka chini, kilo 24, lina adabu kuliko watu kadhaa ninaowajua. Shida ni tumbo. Kwa wiki mbili lilikuwa likinguruma kama pikipiki iliyokataa kuwaka. Choo kikawa laini, na asubuhi anakwenda kula majani ukutani, anatapika povu la manjano, kisha anarudi kudai chakula.

Mimi nikailaumu pwani. Wavuvi wakisafisha samaki matumbo hutupwa palepale mchangani, na Biskuti hapiti kitu. Mara nyingine hutupwa hata bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha. Hapo naomba unisikilize wewe unayetembeza mbwa ufuoni: ukimwona na bunju mdomoni, mnyang'anye. Sumu yake haiishi kwa kupikwa wala kwa kukauka juani, na hakuna dawa ya kuifuta. Basi nikamfunga nyumbani siku tano. Ushuzi ukazidi. Mbwa hatoki nje na anashuta zaidi. Mtu mwenye akili angejua chanzo kiko ndani ya ua. Mimi sikujua. Mama naye akampa bakuli la maziwa "kupoza tumbo", na usiku huo tulilala madirisha wazi, sisi na mbu wetu.

Siku ya sita nikamkodia tuktuk kwenda kwa daktari wa mifugo. Dereva alikuwa Muislamu, akanisihi nitandike gunia na nimshike mdomo, maana mate ya mbwa kwake ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nikamshika mdomo njia nzima. Mbele mdomo umefungwa, nyuma kuko wazi. Dereva aliendesha kichwa kikiwa nje.

Daktari alimpapasa tumbo kwa vidole, akamfunua mdomo kuangalia rangi ya ufizi, akapokea choo nilichobeba kwenye kikopo cha siagi. Halafu akauliza swali moja: anakula nini?

Hapa lazima nieleze. Mama yangu anauza mahamri na mbaazi za nazi. Saa kumi alfajiri sufuria iko jikoni, na saa tatu asubuhi hubaki ukoko wa mbaazi, tui zito limeshika kando, vitunguu vimeganda chini. Ukoko huo ni wa Biskuti. Mama huukwangua kwa mwiko, anaongeza machicha ya nazi konzi mbili, anamimina kwenye sinia, na mbwa anaufagia kabla mwiko haujarudi sufuriani. Kila siku ya Mungu. Niliposema hayo kwa Daktari, nikasikia mwenyewe ninachosema.

Akanieleza polepole. Mbaazi, kama kunde na maharage, zina sukari ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuivunja, si wa mbwa, si wetu. Inateremka nzima mpaka utumbo mpana, na vijidudu vya huko vinaichachusha, ndiyo hiyo hewa. Tui na machicha ni mafuta juu ya mafuta, na mafuta mengi yanaweza kumuumiza kongosho. Maziwa ni hadithi hiyohiyo: mbwa wengi wakishaachishwa ziwa hupoteza uwezo wa kuyasaga. Kilichonitisha ni kitunguu. Kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, kiwe kibichi, kiwe kimeiva, na kidogo cha kila siku hujumlika. Ndiyo maana aliangalia ufizi. Ulikuwa bado wa waridi, nikapumua. Kwenye hadubini akaona pia mayai ya minyoo ya safura, akampimia dawa kwa uzito wake.

Kabla hatujatoka akaniambia jambo nililoliandika kwenye simu hapohapo. Tumbo likifura na kukaza kama ngoma, mbwa akawa anajikamua kutapika na hakitoki kitu, mate yanamchuruzika, hatulii akilala wala akisimama, huyo huenda tumbo limejipinda, na mbwa wa kifua kama cha Biskuti ndio hupatwa zaidi. Usimpe kitu, usingoje kupambazuke. Ni saa chache tu unazo.

Kazi ngumu ilikuwa Mama.

"Mbaazi zangu zinalisha mtaa mzima," akasema, "leo ndizo zimuue mbwa?"

"Mama, si mbaazi zako. Ni mbaazi zote."

"Nani amelalamika?"

Aliponiona nachemsha kuku asiye na ngozi, wali mweupe, bila chumvi wala kitunguu, alisimama mlangoni mikono kiunoni. Yeye na mdogo wangu wanakula sima kwa mchicha, mbwa anakula kuku. Siku tatu, vichembe mara nne kwa siku. Baadaye nikaanza kuchanganya sima na minofu ya samaki iliyotolewa miiba, kidogo kidogo kwa wiki nzima, kwa sababu hata chakula kizuri kikiletwa ghafla humvuruga.

Na kile kibati cha keki kimepata kazi. Biskuti alikuwa akila kwa kumeza hewa nusu na chakula nusu. Sasa chakula nakipaka kwenye mzunguko wa kibati, inambidi azunguke na ulimi, anakisukuma kutoka jikoni mpaka kwenye mnazi ndipo amalize. Zamani ilikuwa kufumba na kufumbua, siku hizi ni dakika sita. Nimepima.

Choo kimekaza. Machicha siku hizi wanakula kuku wa Mama. Jumapili jioni tumekaa barazani, stima ipo, upepo hakuna, nikasikia harufu ninayoijua. Nikamwangalia Mama. Mama akaangalia juu, kwenye makuti.

"Kijiko kimoja tu," akasema. "Alikuwa ananitazama."