Programu ya mauzo kujifungua yenyewe: si lazima kupiga Windows upya

Hapa Moshi, ukimwambia fundi kwamba programu haijifungui kompyuta ikiwaka, jibu ni lilelile: "Lete tupige Windows," yaani aisakinishe upya. Unaacha elfu ishirini au thelathini, unabaki na wasiwasi wa data, na wiki inayofuata tatizo liko palepale. Ushauri huo unaniudhi, maana mara nyingi Windows ni nzima kabisa.

Kompyuta niliyoitengeneza ni ya kaunta ya duka la vipuri vya pikipiki, Mbuyuni: kompyuta ya mezani, Windows 10, UPS (kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika), programu ya mauzo na databesi ya SQL Server, yaani ghala la data za mauzo, humohumo. Shotikati ilikuwepo kwenye folda ya Startup, ile ambayo vilivyomo hufunguliwa mtumiaji akiingia, lakini asubuhi hakuna kilichofunguka. Dada wa kaunta akibofya ikoni mwenyewe, anaulizwa Yes au No, anabonyeza Yes, kazi inaendelea.

Hilo swali ndilo jibu. Programu inayodai ruhusa ya administreta haifunguliwi kutoka Startup. Windows inairuka kimya, hata ujumbe haitoi. Dawa yake ni Task Scheduler, kifaa cha Windows cha kupanga kazi zijianze zenyewe: Create Task, weka tiki kwenye Run with highest privileges, na kwenye Triggers chagua At log on. At startup achana nayo kama programu ina dirisha, kwani kazi inaanza kabla mtumiaji hajaingia na hilo dirisha hutaliona.

Kwenye Actions usiache Start in wazi. Andika folda ya programu, mfano C:\Mauzo, bila alama za kunukuu. Ukiiacha wazi, programu huanzia System32, folda ya Windows yenyewe, inatafuta faili lake la mipangilio na halipo. Kisha icheleweshe kidogo, maana databesi inachukua muda kuamka. Kwenye Delay task for unaweza kuandika 2 minutes kwa mkono hata kama haimo kwenye orodha.

Baada ya hapo ilifunguka vizuri, ila asubuhi nyingine iligoma. Na zile za kugoma ndizo ambazo umeme ulikuwa umekatika.

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa na kurudi kwa fundi. Historia ya Task Scheduler huwa imezimwa, kwa hiyo bonyeza Enable All Tasks History, subiri igome tena, halafu usome. Nilikuta tukio namba 326: kazi haikuanzishwa kwa sababu kompyuta inatumia betri. Betri gani, kwenye kompyuta ya mezani? UPS! Ikiunganishwa kwa waya wa USB, Windows inaihesabu kuwa betri kama ya laptop. Na kila kazi mpya ya Task Scheduler huja na tiki kwenye Conditions inayozuia isianze bila umeme wa ukutani. Chini yake kuna nyingine mbaya zaidi, ya kuisimamisha kazi umeme ukikatika, yaani programu inaweza kufungwa mteja akiwa bado anahesabiwa chenji.

Toa tiki zote mbili, ukianza na ya chini, kwa sababu ukitoa ya juu kwanza ya chini inafifia na haibonyezeki. Usichomoe waya wa USB kukwepa tatizo. Huo ndio unaoiwezesha kompyuta kujizima salama UPS ikikaribia kuisha.

Kwenye Settings toa pia tiki ya kusimamisha kazi ikizidi siku 3. Duka linalofunga jioni halitaiona shida hiyo, ila kompyuta ya mapokezi ya gesti ya Arusha isiyozimwa usiku wala mchana itaiona.

Kujaribu, usitosheke na kubofya Run, maana hapo hujapima kama itaanza yenyewe. Zima na uwashe kompyuta mara ya kwanza umeme ukiwepo, mara ya pili plagi ya UPS ikiwa imechomolewa ukutani na ule waya wa USB ukiwa mahali pake.