Novemba Maine, bunduki na adabu ya kupiga hodi

Watu wa nyumbani wanadhani Marekani kila shamba lina ukuta na mbwa mkali, basi njooni huku jimbo la Maine muone. Msitu karibu wote ni mali ya watu binafsi na bado mwenye shamba asipoweka kibao cha kukataza watu wala kupaka miti rangi ya onyo, mwindaji akiwa na laisensi anaingia tu, hakuna wa kumshika. Lakini mwenye kujiheshimu hategemei hiyo sheria, anapiga hodi kwanza.

Sisi Wakenya tunashangaa kidogo maana kwetu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, ukikutana na mtu na bunduki porini ni askari wa wanyama ama jangili.

Kuna mzee huja kwa mama mwenye nyumba ninayopanga, nje kidogo ya Lewiston. Anakuja mwezi wa tisa, msimu wa bunduki wa Novemba hata haujafunguliwa, bunduki ameacha kwake, kofia mkononi. Anauliza nani mwingine anawinda hapo, gari aegeshe wapi asizibe njia ya trekta, alafu anaacha namba ya gari kwa karatasi. Na anauliza kulungu akijeruhiwa akakimbilia kwa jirani itakuwaje, manake hapo ndo ugomvi huanzia, jirani ameweka vibao na matone ya damu hayakupi ruhusa ya kuvuka, unaenda kugonga kwake pia. Akipata mnyama analeta nyama imefungwa karatasi nyeupe ya bucha, mimi napewa kidogo (haina mafuta kabisa, ukiichoma kama mbuzi utatafuna mpaka kesho, ichemshe polepole na tangawizi).

Hiyo rangi ya onyo yenyewe ni zambarau, mstari wima kwenye mti, urefu inchi 8 na upana inchi 1, usawa wa kiuno hadi kifua hivi. Ukiuona, usiingie bila ruhusa. Na wengi wanaopaka wala hawachukii wawindaji, wamechoshwa na matairi na makopo ya bia yanayotupwa kwao, kwa hiyo mchafu mmoja anawafungia wote.

Sasa nyinyi msiowinda, hasa wageni, msidhani haiwahusu. Mwaka 1988 pale Hermon mama mmoja alipigwa risasi akafa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, alikuwa na glavu nyeupe, na kulungu wa huku akishtuka huinua mkia mweupe. Mwindaji aliachiliwa na mahakama, na kuna watu walimlaumu marehemu eti mbona hakuvaa rangi ya chungwa, ile ya kuonekana na wawindaji. Kwake! Hiyo mimi sijawahi kuielewa.

Mimi matembezi yangu ya Novemba nimeyahamishia Jumapili baada ya kanisa, siku hiyo kuwinda ni marufuku jimbo zima, ila kizibao cha chungwa navaa tu, majangili hawana Jumapili.