Nilivyozitenganisha diazepamu na jamaa zake

Mkojo wa mtu aliyemeza diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, hauna diazepamu tu. Ini huigeuza kuwa nodazepamu na temazepamu, na mwishowe oksazepamu. Tabu ni kwamba temazepamu na oksazepamu pia ni dawa zinazoandikwa na madaktari. Mahakama inataka kujua mtu alimeza ipi, kwa hiyo zote nne lazima nizione, kila moja mahali pake.

Nilianza na kromatografia ya gesi, njia ya kutenganisha kemikali kwa kuzipitisha zikiwa mvuke ndani ya mrija, kwa sababu ndiyo iliyokuwa tayari maabara. Diazepamu ilitoka vizuri, lakini oksazepamu haistahimili joto la pale sampuli inapoingilia. Huvunjika, na kilele unachokiona kwenye mchoro wa kipimo ni cha kitu kingine. Unaweza kuikinga kwa kuibadili kikemia kwanza, kazi ambayo mimi siipendi. Nikahamia kromatografia ya kimiminika, ambako kemikali husukumwa na kimiminika, kwa kolamu ya C18, yaani mrija uliojaa chembe zinazoshika zaidi kemikali zisizopenda maji.

Huko kilichonisumbua ni pH, yaani kiwango cha asidi cha kimiminika hicho. Kwenye pH ya 3.4 hivi, nusu ya molekuli za diazepamu zimebeba protoni na nusu hazijabeba, hivyo bafa (mchanganyiko unaoshikilia pH) ya karibu na hapo ikipishana kidogo tu, kilele kinahama. Nilipanda hadi pH 5 kwa amoniamu asetati, ambayo hugeuka mvuke na haiachi chumvi ndani ya spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli zikishatoka kwenye kolamu. Muda wa kutoka ukatulia.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Sasa wewe una spektromita, kolamu unaihangaikia ya nini?" Ya klorini iliyomo ndani ya diazepamu! Takriban robo ya atomi za klorini ni zile nzito, 37 badala ya 35. Diazepamu ya kawaida husomeka 285, lakini yenye klorini nzito husomeka 287, palepale ilipo oksazepamu. Zikitoka pamoja na diazepamu ni nyingi, utaripoti oksazepamu ambayo haipo. Basi niliongeza asetonitrili, kiyeyusho kinachosukuma dawa nje ya kolamu, polepole mpaka oksazepamu ikatangulia, zikafuata nyingine, na diazepamu ikaja mwisho kabisa, mbali nayo.

Kabla ya yote hayo mkojo hupitishwa kwenye kimeng'enya cha beta-glukuronidasi, maana oksazepamu nyingi hutoka mwilini ikiwa imefungwa kwenye asidi ya glukuroniki, na kimeng'enya hicho huifungua.

Zikionekana zote nne, naandika diazepamu. Oksazepamu ikiwa peke yake, siandiki hivyo, hata mpelelezi akisisitiza vipi.