Silinda ya maji moto ikivuja: kufungua bomba la moto hakuimalizi maji

Jumamosi iliyopita, saa tatu za usiku, mke wangu kafungua kabati la taulo akaniita, "Njoo uguse hapa." Naweka mkono kwenye kapeti, limelowa chapachapa, alafu ni vuguvugu, ndo nikajua hili si bomba la maji baridi, ni silinda yenyewe. Naandika haya kwa ajili ya ndugu zangu mliofika juzi juzi mkaingia kwenye hizi nyumba za zamani za Uingereza, maana hili dude limo kabatini kwenu na siku unapokabidhiwa funguo hakuna anayekueleza habari zake.

Kwanza tulielewe. Ni pipa la shaba, kimo chake kama sentimita 90, limefunikwa povu gumu kwa nje ili joto lisitoke, linabeba karibu lita 120. Juu darini kuna tanki la maji baridi lenye boya, na maji yanashuka kwa uzito wake tu kutoka kule mpaka chini kabisa ya silinda. Yakishapashwa moto yanapanda na kutokea juu, kwenye utosi, ndo yanaelekea kwenye mabomba ya kuogea. Baridi inaingilia chini, moto unatokea juu. Naomba hilo ulishike vizuri kwa sababu makosa yote niliyotaka kufanya yalitokana na kutolijua.

Nikampigia kaka mmoja ambaye ni fundi bomba, yupo huku miaka mingi.

"Shikamoo kaka, samahani kwa usiku huu."

"Marahaba mdogo wangu, kuna nini?"

Nikamwambia silinda inavuja. Hakuuliza inavuja wapi, aliuliza, "Umeme umezima?" Sikuwa nimezima. "Nenda kazime, simu usikate." Ndani ya silinda kuna hita ya umeme, nyingi ni kilowati 3, na ikibaki bila maji huku inawaka inaungua muda huo huo, achilia mbali kwamba wewe umepiga magoti kwenye kapeti bichi unashikashika mahali penye nyaya. Kwa hiyo unazima swichi yake na unazima na kwenye boksi la fiyuzi, kama kuna boila inayopasha hiyo silinda nayo unazima. Mimi sasa hivi mtu akinipigia na habari ya silinda nitamuuliza hilo hilo kabla ya salamu kuisha.

Alafu akanipa kazi ambayo sikuielewa mwanzoni: chukua taulo, futa silinda yote ikauke, mabomba yote, nati zote, kisha chukua tishu kavu uiguseshe kila kiungo kimoja kimoja. Maji yanatembea jamani. Yanaweza kuanzia juu yakateremka nyuma ya povu yakatokea chini kabisa ukadhani silinda imetoboka kitako. Nimegusa kiungo cha baridi, tishu kavu, nimegusa koki ya chini, kavu, nikafika kwenye kichwa cha hita ambacho kwetu kipo ubavuni karibu na chini, tishu ikanywa maji palepale. Kwa tochi niliona pale nati inapokutana na shaba kuna ukoko wa kijani na mweupe umejijenga kama chumvi, na katikati yake tone moja dogo linavimba polepole mpaka linadondoka, baada ya sekunde kumi hivi linaanza jingine. Ule ukoko haukuwa wa siku moja, ilikuwa inavuja miezi.

Kaka akasema tuna bahati, hiyo ni washa imechoka, yaani ile pete ya kuzibia inayokaa chini ya nati, inabadilishika. Ingekuwa shaba yenyewe imetoboka hata kitundu cha sindano, asingenishauri gundi wala kuchomelea, kwa sababu shaba ikishaliwa sehemu moja na kwingine imebaki karatasi, ni silinda mpya tu. Usiku ule tulifungua bomba la moto mpaka yakaanza kuja baridi, ili asubuhi tusije kumwaga maji ya nyuzi 60 ambayo yanababua ngozi kwa sekunde chache, tukaweka beseni, tukalala.

Asubuhi nikaanza mwenyewe kabla hajafika. Kuna valvu yenye kigurudumu chekundu kwenye bomba linaloshuka kutoka tanki la juu, ndiyo ya kufunga. Yangu ilizunguka, ikazunguka, ikazunguka, wala haikufunga kitu, ndani ilishakatika zamani. Hizi valvu zisipoguswa miaka ndo mwisho wake, ama zinaganda ama zinazunguka bure. Basi nikapanda darini, nikalaza fimbo juu ya tanki nikafunga mkono wa boya kwenye ile fimbo ili maji mapya yasiingie, nikashuka kufungua mabomba ya bafuni, baridi na moto. Maji yakapungua, yakapungua, bomba la moto likakohoa mara mbili tatu likakauka kabisa.

Nikajua kazi imeisha. Silinda imekwisha maji, nikashika spana, nikaanza kuipachika kwenye hita. Bahati kaka akawa anaingia mlangoni. Akaniangalia akasema, "Weka chini spana. Una lita mia na ushee humo ndani."

Sikumuamini mpaka aligonga silinda kwa kidole ikatoa mlio mzito wa kitu kilichojaa. Hapo ndo ile habari ya utosini inarudi. Maji ya moto yanasukumwa kutoka juu kwa nguvu ya maji baridi yanayoingia chini. Tanki la darini likikauka hakuna kinachosukuma, bomba linakatika, lakini silinda imebaki imejaa pomoni vile vile. Umemaliza tanki, hujamaliza silinda. Ningeifungua ile hita kwa jinsi ilivyo chini ubavuni, uzito wa zaidi ya kilo mia za maji ungenitokea kwenye tundu la zaidi ya inchi mbili, ghorofani, juu ya dari ya sebule, na huwezi kuziba kwa mkono.

Silinda inatolewa maji chini tu. Kuna koki ndogo kwenye bomba la baridi pale linapoingia, haina mkono, ina kichwa cha mraba cha kushika na spana ndogo. Tukachomeka mpira wa bustani, tukaubana na klipu, tukaupitisha dirishani hadi kwenye mfereji wa nje, mdomo wake uwe chini kuliko silinda. Lakini kabla ya kufungua, kaka alifanya jambo ambalo kama ningekuwa peke yangu nisingelifikiria: aliilegeza nati ya hita robo mzunguko silinda ikiwa bado imejaa. Shaba ya silinda ni nyembamba sana, maji yaliyo ndani ndo yanaipa ugumu, ukikaza spana kwenye silinda tupu unaweza kuikunja au kuichana. Mimi nikaikumbatia silinda kwa mikono miwili, yeye akavuta ile spana pana ya duara inayokamata nati yote, ikalia kwaa! ikaachia. Akarudisha kidogo isimwage, ndo tukafungua koki.

Na mabomba ya moto ya juu tuliyaacha wazi, kwa sababu maji yakitoka lazima hewa iingie mahali pake. Silinda ikikosa hewa inajifinya yenyewe kama kopo.

Ilichukua zaidi ya saa moja. Mara mbili ikaziba, kaka akawa anaminya mpira na kuachia mpaka ukoko wa chokaa uliojikusanya ndani usogee. Hita ilipotoka ilikuwa imevaa gamba jeupe lenye unene wa kidole, na ile washa ilikuwa imekauka, nyeusi, ukiikunja inapasuka kama ganda la yai. Tukasugua ule mdomo wa shaba mpaka ukang'aa, washa mpya, hita mpya fupi ya inchi 11 maana za ubavuni ni fupi kuliko za juu. Kwenye thamostati, kile kidude kinachozima hita maji yakishafika joto lake, kaka hakutaka mchezo, alitaka ile yenye kikatio cha pili cha kukata umeme cha kwanza kikishindwa. Za zamani zikinasa hazizimi, maji yanachemka yanapanda kwenye bomba la hewa mpaka tanki la plastiki la darini, plastiki inalainika inapasuka juu ya watu waliolala. Imeshaua watu hapa nchini. Kama hita yako ni ya miaka mingi tafadhali mwite fundi aiangalie hata kama haivuji.

Wakati kila kitu kimekauka akabadilisha na ile valvu mbovu, akaweka ya mkono wa kugeuza robo tu.

Kujaza ni kinyume chake. Unafunga koki ya chini, unafungua boya, mabomba ya moto yako wazi, yale ya chini kwanza ili upepo utoke. Yatatema, yatapiga kelele, usiogope, subiri mpaka yaje mfululizo bila kukohoa. Hapo sasa, si kabla, ndo unawasha umeme. Lita 120 kutoka nyuzi 10 hadi 60 kwa hita ya kilowati 3 ni kama saa 2 na dakika 20.

Mawili nisiyasahau. Kama umepanga, weka beseni, zima umeme, piga picha, mwandikie mwenye nyumba. Kwa England sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 (Landlord and Tenant Act), kifungu cha 11, inamtaka yeye ndo atengeneze vyombo vya kupashia maji, na kwa upangaji wa kawaida hawezi kukurushia wewe. Na kama darini hakuna tanki lakini silinda ipo, mara nyingi hiyo ni ya presha, inalishwa moja kwa moja na bomba kuu. Hiyo usiiguse hata nati moja, ina fundi wake mwenye cheti.

Jioni silinda ilipokuwa moto nikapitisha tena tishu kwenye ile nati, maana chuma kikipata joto kinatanuka na kinaweza kuachia. Kavu. Jumatatu asubuhi ikiwa imepoa nikarudia, kavu. Kona ya kapeti bado tumeiinua na kijiti ikauke, na kwenye valvu mpya nimening'iniza karatasi kwa kalamu nzito: FUNGA HAPA. Mke wangu na watoto wote nimewapeleka kabatini mmoja mmoja, kila mtu kaigeuza kwa mkono wake.